Maji ya Mguu Yanasimama Wapi?

Nyumba ya mwisho mtaani ilijulikana kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani. Ilianza asubuhi, taka-taka-taka, ikanyamaza wakati wa chakula, kisha ikaendelea mpaka jioni. Ya pili ilikuwa ya bomba la jikoni. Hiyo haikujua kunyamaza. To, to, to, mwaka nenda mwaka rudi.

Mwenye cherehani alikuwa mama mmoja mshonaji. Mwenye bomba la jikoni alikuwa mumewe. Naye, usicheke, kazi yake ilikuwa ufundi bomba. Watu walimwita Koki.

"Kinyozi hajinyoi," Koki alikuwa akijitetea.

"Wewe humnyoi hata aliye nyumbani kwako," dada yake alimjibu.

Dada huyo alikuwa msusi. Chumba chake cha kusukia kilipakana na chumba cha cherehani, na baraza lilikuwa moja. Kwa hiyo mshonaji alikuwa na wifi upande mmoja na mume upande wa pili. Hakuwahi kukosa mtu wa kumtania.

Koki alikuwa na sifa yake mjini. Hakubomoa ukuta ovyo. Mafundi wengine wakiona ukuta umelowa, walishika nyundo papo hapo. Koki alichukua maji, akatia rangi ya zambarau, akayamwaga kwenye choo cha juu. Kisha aliketi akasubiri. Maji ya rangi yalipotokea, alijua njia imevuja wapi. Alipoona hayatokei, alijua njia imeziba wapi. Alipenda kusimulia siku moja alipomwaga rangi kwenye ghorofa ya tatu, ikatokea kwenye bafu la jirani ambaye hakuhusika kabisa. Jirani alikuwa na bata wake, akitaka kuwaosha.

"Mpaka leo," Koki alisema, "ukoo wa bata wale hutaga mayai ya zambarau."

Hakuna aliyewahi kuyaona mayai hayo. Lakini ukuta wa watu ulipona.

Mshonaji naye alikuwa na ufundi wake wa siri. Mteja akija ameongezeka kiuno, yeye hakumwambia. Aliuvuta utepe wa kupimia ukabana, akasoma namba ndogo kwa sauti. Mteja akatabasamu. Mteja akishaondoka, mshonaji alikata kitambaa kwa kipimo cha kweli. Gauni likakaa vizuri. Mteja akaenda kujisifu kwamba amepungua.

Utepe ule uliwafurahisha wengi. Mwisho ukamdanganya mwenyewe.

Ilianza na kiatu cha kushoto. Asubuhi kilimwingia. Jioni hakikutoka mpaka akivute kwa mikono miwili. Mshonaji akasema kiatu kimenywea. Kisha soksi ikaanza kuacha alama ya duara juu ya kifundo. Akasema soksi ni mbovu. Siku moja alifunga mlango, akachukua utepe, akapima mguu wa kulia. Akapima na wa kushoto. Lakini mkono una mazoea yake. Alipofika mguu wa kushoto, aliuvuta utepe ukabana.

"Mbona iko sawa," alijiambia.

Haikuwa sawa, naye alijua. Kabla ya hapo mguu huo ulikuwa umemsumbua kwa homa. Homa ilikuja ghafla na baridi ya kutetemeka. Mguu uliwaka moto na kuwa mwekundu. Alimeza dawa ya maumivu, akalala, ikapita. Baada ya miezi ikarudi. Kila ilipoondoka, iliuacha mguu mnene kidogo kuliko mwanzo. Ilikuwa kama mgeni anayeaga kila mara, lakini kila mara anaacha mzigo mlangoni.

Koki aligundua siku alipotafuta ndara zake asizione. Alimkuta mkewe amezivaa.

"Mke wangu, tangu lini miguu yetu ikawa ndugu?"

"Nimeazima tu."

"Hebu."

Koki akachuchumaa. Akaugonga mguu kwa kidole, kama anavyogonga bomba. Akabonyeza kwa kidole gumba. Shimo dogo likabaki pale, halikurudi upesi.

"Maji," akasema. "Mguu huu una maji. Na maji ni kazi yangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Koki alijua sheria ya kwanza ya ufundi wake. Penye mafuriko, funga kwanza yanakoingilia. Basi akampimia mkewe maji ya kunywa. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mshonaji akakauka midomo. Mguu haukujali.

Koki akaja na sheria ya pili. Bomba likivuja, lifunge mpira. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akamfunga mkewe chini ya goti, akakaza. Kufika jioni unyayo ulikuwa umejaa kama mkate uliozidishiwa hamira. Mshonaji aliukata mpira ule kwa mkasi wake wa kitambaa, mkasi ambao hakuruhusu mtu aukatie hata karatasi.

"Subiri," Koki alisema. "Nimeelewa. Ni hiki kikanyagio. Ukikanyaga, unayapiga maji. Kila bomba lina pampu yake."

Akavua mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani. Akauweka mfukoni, akaondoka nao.

Nyumba ikanyamaza. Likabaki bomba la jikoni peke yake. To, to, to. Watu waliopita barabarani walisimama wakauliza kama kuna msiba.

Mshonaji alikaa mbele ya cherehani isiyo na mkanda. Aliogopa jambo moja, na hakumwambia mtu. Mteja mmoja alikuwa ameutazama mguu wake, akatikisa kichwa. "Miguu ya namna hiyo hospitali huikata," alisema. Kisha akaulizia gauni lake. Tangu siku hiyo mshonaji alikuwa akikitazama kikanyagio. Kilikuwa kipana, chenye nafasi ya nyayo mbili. Alijaribu kuona mguu mmoja pale juu peke yake. Hakuweza kuendelea kufikiri.

Kwa hiyo kila mtu alipomwambia aende hospitali, alisema ataenda. Na hakwenda.

Jumamosi moja wifi yake alikuwa barazani akimsuka mtu. Akamwona kaka yake anapita na drili ya mkono. Akamwona anaketi, anachagua msumari mwembamba wa kutobolea, anaufuta kwa spiriti. Anaufuta sana. Fundi bomba hafuti vyuma vyake namna hiyo.

"Kaka, unatoboa nini leo?"

"Kazi ndogo tu. Ya nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Koki akazidi kuufuta msumari.

Msusi akakiacha kichwa cha mteja, nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Akaingia ndani. Akamkuta wifi yake ameketi kitandani, mguu wa kushoto juu ya beseni, uso umemshuka.

"Wifi, nini hiki?"

"Kaka yako anasema atatoboa kitundu kidogo kwa chini. Maji yatoke."

"Na wewe umekubali?"

"Afadhali kitundu kuliko kukatwa mguu."

Ndipo siri yake ikatoka, bila yeye kupenda. Msusi akaketi karibu naye. Hakucheka. Koki akaingia na drili yake, akasimama mlangoni.

"Kaka," msusi akasema taratibu, "ukuta wa mtu ukilowa, unafanya nini kwanza?"

"Naangalia maji yanatoka wapi na yanasimama wapi."

"Kwa nini hutoboi moja kwa moja?"

"Nitatoboaje bila kujua njia? Ukuta wa watu huo."

"Ahaa. Ukuta wa watu huutoboi mpaka umwage rangi. Mguu wa mke wako unautoboa kwa kubahatisha."

Koki akautazama msumari wa drili. Akautazama mguu. Akatoka nje, akairudisha drili kwenye sanduku la vyuma. Aliporudi alikuwa amevaa shati safi.

"Twende hospitali," alisema. "Nami nataka kujua maji haya yanasimama wapi."

Pale hospitali, daktari hakuanza na mguu. Alianza na maswali. Mguu ulianza kuvimba lini? Unavimba mmoja au yote? Umewahi kupata homa, mguu ukawa mwekundu na wa moto? Mshonaji akaeleza habari za yule mgeni mwenye mizigo. Daktari akainama, akaachanisha vidole vya mguu wa kushoto kimoja kimoja. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kupasuka.

"Hapa ndipo mlango ulipo," daktari akasema. "Vijidudu vinaingia kwenye mipasuko hii. Vinaleta homa. Kila homa inaharibu kitu ndani. Nani alikufunga hapa chini ya goti? Naona alama."

Koki akatazama dari.

"Kufunga kamba au mpira ni hatari," daktari akasema. "Damu inaweza kukosa njia. Kutoboa ni hatari zaidi. Vijidudu vinafunguliwa lango kubwa."

"Kutoboa hatukutoboa," Koki akasema upesi.

"Nani alitaja kwamba mlitaka?"

Mshonaji akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Daktari aliagiza vipimo. Mguu mmoja ukivimba, alieleza, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo ni jambo la haraka. Wakapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumika pia kuwaangalia wajawazito. Damu ilikuwa inapita vizuri. Wakapima damu na mkojo. Figo zilikuwa nzima. Moyo ulikuwa mzima. Wakatafuta pia minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambayo katika sehemu nyingine husababisha matende. Hawakuiona.

"Basi tumebakiwa na njia moja ya maji ambayo hatujaiangalia," daktari akasema. "Nawapeleka kwenye kitengo cha picha."

"Eksirei?" Koki akauliza.

"Hapana. Eksirei inaona mifupa. Njia hii haionekani kwa eksirei. Tutatia kitu ndani yake, kisha tukifuate."

Koki aligeuka akamtazama mkewe, macho yamemtoka.

"Kama rangi yangu," akanong'ona.

Chumba cha picha kilikuwa cha baridi na kimya. Katikati palikuwa na kitanda chembamba. Juu yake na chini yake palikuwa na sahani mbili kubwa za chuma, kila moja pana kama meza ya kukatia kitambaa. Mtaalamu wa picha alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya upole. Alimkaribisha mshonaji akae. Koki akakaribishwa abaki nyuma ya kioo, mahali penye kompyuta.

"Mama, una mimba?"

"Mwanangu wa mwisho ana ndevu, dada."

"Lazima niulize. Hata anayenyonyesha lazima aseme, ili tujue la kufanya. Sasa nikueleze. Unajua damu inavyotembea?"

"Inatoka moyoni, inarudi moyoni."

"Vizuri. Inatoka kwa mishipa yake, inarudi kwa mishipa mingine. Lakini ikifika mwishoni, kwenye nyama na ngozi, majimaji kidogo huchuja na kubaki nje. Hayarudi yote. Nani anayakusanya?"

Mshonaji hakujua. Nyuma ya kioo, Koki pia hakujua. Paji la uso wake liligusa kioo.

"Kuna mishipa ya tatu," mtaalamu akasema. "Ni myembamba kuliko uzi wako. Inaitwa mishipa ya limfu. Inakusanya yale majimaji, inayapandisha, inayapitisha kwenye tezi, kisha inayarudisha kwenye damu. Tezi ni vituo vya ukaguzi. Zinakamata vijidudu. Ziko shingoni, kwapani na kwenye kinena."

"Kwenye kinena ndipo panapotoka mtoki."

"Hasa. Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba kwa sababu inapigana. Wengi wanaijua siku hiyo tu."

"Kumbe nina mabomba ya aina tatu."

"Tatu," Koki akaitikia kutoka nyuma ya kioo. "Mimi nilihesabu moja."

Mtaalamu alichukua sindano fupi, nyembamba sana. Ndani yake palikuwa na tone la dawa.

"Dawa hii ina mionzi kidogo. Nitachoma kati ya vidole vya miguu, kulia na kushoto."

"Wa kulia hauumwi."

"Ndiyo maana. Tunataka kulinganisha."

Mshonaji akakubali. Naye kila nguo huilinganisha bega na bega. Sindano ilimuuma kama siafu mwenye haraka, ikaisha.

"Mguu wangu utawaka taa?" akauliza.

"Hautawaka. Jicho la mtu haliwezi kuona mionzi. Kamera hizi ndizo zinazoiona."

"Kwa hiyo kamera ndiyo inanimulika?"

"Watu wengi wanafikiri hivyo. Kamera haikumuliki. Wewe ndiye unayetoa mwanga usioonekana, kamera inasoma tu. Mionzi ni kidogo, inaisha yenyewe, na nyingine inatoka kwa mkojo. Kwa hiyo leo unywe maji ya kutosha na uende haja mara kwa mara."

Akampa chupa ya maji. Mshonaji aliifungua. Akaligeukia lile dirisha la kioo. Akanywa polepole, funda baada ya funda, akimtazama mumewe machoni. Hakuishusha chupa mpaka ilipokwisha.

Koki akakuna kichwa.

Picha ya kwanza ilipigwa mshonaji akiwa amelala chali. Sahani za chuma zilisogea karibu, lakini hazikumgusa. Hazikupiga kelele. Kwenye kompyuta palitokea madoa meusi mawili, moja kila unyayo. Basi.

"Mbona hayaendi?" Koki akauliza.

"Shemeji, ndiyo kwanza tumemwaga. Mama, inuka utembee kwenye korido. Kisha urudi."

Mshonaji akatembea. Alipochoka akaketi kwenye benchi. Mtaalamu alipotoka kumwita, alimkuta ametulia juu, lakini chini nyayo zake zinapanda na kushuka. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole.

"Unafanya nini, mama?"

Mshonaji aliona haya. Miguu ilikuwa imeanza yenyewe.

"Nashona," akasema.

"Endelea kushona."

"Si vibaya? Mume wangu anasema kikanyagio ndicho kinachojaza maji."

"Ni kinyume. Damu inasukumwa na moyo. Limfu haina moyo wake. Mishipa yake inajikamua kidogo kidogo, lakini msaada mkubwa unatoka kwenye misuli. Shavu la mguu likikaza na kulegea, majimaji yanapanda. Hiki unachofanya ndiyo pampu yenyewe. Ukikaa bila kusogea, yanalala."

Mshonaji aligeuka. Koki alikuwa mlangoni, amesikia kila neno.

"Mkanda wangu uko wapi?"

"Kwenye sanduku la vyuma," Koki akasema. "Chini ya drili."

"Tutaongea."

Picha zilizofuata ndizo zilizomfanya Koki asahau aibu. Mtaalamu alimruhusu asogee karibu na kompyuta. Mshonaji, aliposhuka kitandani, alisimama katikati yao.

Mguu wa kulia ulikuwa umechorwa mstari. Ulitoka kwenye unyayo, ukapita ndani ya shavu la mguu, ukapanda pajani, ukaishia kinenani. Pale kinenani palikuwa na vidoa vyeusi vilivyopangana.

"Kama mshono ulionyooka," mshonaji akasema. "Na vifungo vyake juu."

"Hivyo vifungo ni tezi. Dawa imefika na imepokelewa. Huo ndio mguu mzima. Sasa tazama wa kushoto."

Mguu wa kushoto haukuwa na mstari mzuri. Dawa nyingi ilikuwa bado chini. Ilikuwa imepanda kidogo, kisha ikatawanyika kwenye ngozi ya shavu la mguu. Ilikuwa kama wino uliodondoka kwenye kitambaa kilicholowa. Mstari mmoja hafifu ulijikokota mpaka kwenye goti, ukapotea. Kinenani palionekana kifungo kimoja tu, kimefifia.

Mshonaji aliutazama mguu wake kwa muda mrefu. Kwa miezi alikuwa ameuona kutoka nje tu, akaufunika kwa gauni refu. Sasa alikuwa ameuona kwa ndani, na ajabu, hofu ilipungua. Kitu chenye picha kinaweza kuulizwa maswali.

"Yanasimama hapa," Koki akasema. Alinyoosha kidole bila kugusa kioo. "Njia kuu imeharibika. Maji yanatafuta vichochoro vya pembeni, yanalowesha ukuta."

"Shemeji, ungeweza kufanya kazi hapa."

"Na mimi nilimfunga mpira chini ya goti."

"Njia imeziba, ukaizibia na kichochoro."

Daktari alizisoma picha zile, akawaita wote wawili. Mshonaji alikaa kwenye ncha ya kiti. Swali lake alikuwa nalo tangu siku ya yule mteja.

"Daktari, mtaukata?"

"Tuukate kwa nini?"

"Nimeambiwa miguu ya hivi hukatwa."

"Nani amekwambia? Mguu huu una damu nzuri na una nguvu. Umepungukiwa na njia za limfu. Homa zile zimezikwangua. Njia zilizokufa hatuwezi kuzifufua, sitakudanganya. Lakini zilizobaki tunaweza kuzisaidia, na homa tunaweza kuizuia. Mguu utapungua. Utafanya kazi."

Mshonaji akaegemea kiti. Alikuwa hajui kwamba amekaa kwenye ncha.

"Na je, kila mguu uliovimba unapigwa picha hii?" Koki akauliza. Tangu asubuhi hakuwa na mwisho wa maswali.

"Hapana. Wagonjwa wengi tunawatambua kwa macho, mikono na maswali. Picha hii ni kwa pale tunapobaki na shaka. Hapa damu ilikuwa nzuri, figo nzuri, moyo mzuri. Tulitaka kuwa na hakika kabla ya kutibu."

"Kabla ya kubomoa ukuta."

"Sielewi."

"Mimi nimejielewa, daktari."

Tiba yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa ya kila siku, na hapo ndipo ugumu wake. Kwanza daktari alimpa dawa ya mipasuko. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha. Osha mguu kwa maji safi na sabuni. Kausha, hasa katikati ya vidole, kwa kitambaa laini, bila kusugua. Paka mafuta ngozi isipasuke, lakini si kati ya vidole. Ukiketi, inua mguu. Ukisimama, usisimame kama mlingoti, tembea. Homa ikirudi na mguu ukiwa mwekundu, usimeze dawa ya maumivu ukalala, kimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Halafu zilikuja bandeji. Hizo ndizo zilizomfurahisha Koki. Hazikufungwa mahali pamoja kama mpira wa baiskeli. Zilianza kwenye unyayo zikiwa zimekaza zaidi, zikapanda mguu mzima, zikilegea kidogo kidogo kuelekea juu. Kwa njia hiyo zilisukuma maji yapande. Mtaalamu alimwonya kwamba si kila mguu unafaa kufungwa hivi. Mguu wenye shida ya damu unaweza kuumia. Wa mkewe ulikuwa umepimwa.

Koki alijifunza kuzifunga mpaka mtaalamu akaridhika. Mikono yake ilikuwa imezungushia mabomba tepu maisha yake yote.

"Lakini ukinizungushia ile tepu yako nyeupe," mshonaji akasema, "utalala kwa dada yako."

"Kwangu hapana," msusi akajibu kutoka barazani. "Anakoroma kama bomba lenye hewa."

Mkanda wa cherehani ulikuwa umerudi mahali pake siku ileile ya picha. Mshonaji hakukubali mtu mwingine auweke. Taka-taka-taka. Alikanyaga mpaka mezani chakula kikapoa, na hakuna aliyemwita.

Mguu haukupungua kwa siku moja. Ulipungua kama deni la heshima, kidogo kidogo. Mshonaji aliupima kila Jumapili, na utepe hakuuvuta. Siku nyingine namba ilikataa kushuka. Siku nyingine ilipanda, na alijua sababu: alikuwa amekaa mchana kutwa bila bandeji kwa ajili ya joto. Haukufanana na wa kulia, wala haukutarajiwa kufanana. Lakini kiatu cha kushoto kilimwingia asubuhi, na jioni kilitoka kwa mkono mmoja. Na yule mgeni wa homa hakurudi kuacha mzigo tena.

Bomba la jikoni liliendelea kudondoka.

"Hili nalo ni la kutunza tu," Koki alisema. "Halina kupona."

Siku moja akaja mteja mwingine barazani. Mikono ya gauni lake, alisema, imemtupa. Wa kulia unamwingia. Wa kushoto unambana.

"Umenishonea vibaya, fundi. Upanue tu."

Mshonaji alichukua utepe. Alipima mkono wa kulia. Alipima wa kushoto. Mteja akamkonyeza.

"Nisomee namba nzuri. Wote tunajua utepe wako una huruma."

Mshonaji hakuuvuta. Aliusoma ulivyokuwa.

"Dada yangu, mkono huu umezidi. Si gauni. Umewahi kuumwa upande huu?"

Mteja akaacha kutabasamu. Alitazama barazani kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa titi, upande wa kushoto. Walimtoa na tezi za kwapani. Alipona. Mkono ulianza kujaa baadaye, akaona haya kurudi kusumbua watu.

"Zile tezi zilikuwa vituo vya njia ya maji," mshonaji akasema. "Maji hayana pa kupita, yanasimama mkononi. Rudi kwa daktari wako. Wanajua kuyasaidia. Na ikibidi, wanaweza kuipiga picha njia yenyewe. Mimi ya miguu yangu nimeiona. Mguu mmoja ulikuwa na mshono, mwingine wino umemwagika."

"Uliuona mguu wako kwa ndani?"

"Niliuona. Mume wangu mpaka leo anawaambia watu kwamba alikutana na mabomba yaliyomshinda."

Mteja hakucheka. Alishika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama anaulinda.

"Fundi, nikuulize kitu. Hawataukata?"

Mshonaji alilijua swali hilo. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Hakulijibu kwa mdomo. Alipandisha gauni lake kidogo, bandeji ikaonekana. Akaweka nyayo zake mbili kwenye kikanyagio, ya kulia na ya kushoto, akakanyaga.

Taka-taka-taka-taka.